Bunduki ya babu: itengenezwe ifyatue, izibwe iwe pambo, au isafishwe tu?

Mangi_Kibosho: Wakuu, heshima kwenu. Tuna bunduki ya marehemu babu, imeharibika, nataka mwanangu aje airithi ikiwa na hadhi yake. Fundi airudishe ifyatue, mitutu izibwe iwe pambo, au isafishwe tu? Pesa kidogo ipo.

Chalii_Sakina: Bunduki gani? Gobore, raifo, ya marisau? Imeharibika wapi? Leseni ina jina la nani? Umeleta mada nusu, mangi.

Afande_Mstaafu: Hiyo "tuna" naomba iwe na maana kwamba iko polisi. Mwenye leseni akifariki, silaha inasalimishwa, na anayeitaka anaomba leseni kwa jina lake. Soma Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 kabla ya kutafuta fundi.

Mangi_Kibosho: Iko polisi, mzee wangu, baba ndiye anaomba. Ni ya marisau, mitutu miwili, ya Kiingereza. Kitako kimepasuka pale shingoni, kutu nje na ndani.

Mama_Ngaramtoni: Isafishwe tu. Ya baba yetu kaka aliipeleka kwa fundi wa mageti, eti chuma ni chuma. Jamaa akapitisha grenda na msasa, ikarudi inang'aa kama kijiko cha harusi. Michoro ya ndege ubavuni, hakuna. Namba nayo imebaki tarakimu mbili za mwisho, tena kwa kubahatisha. Kwenda uhakiki, afisa anaangalia kitabu, anaangalia bunduki, anamwangalia kaka. Alizungushwa na maelezo mpaka akajuta kuzaliwa kifungua mimba. Kitako nacho kilipigwa bolti na vanishi ya milango.

Mwindaji_Monduli: Pole mama, lakini bunduki isiyolia ni fimbo. Mangi, angalia chini ya mitutu kama kuna muhuri wa "Nitro Proof", yaani ilipimwa kwa baruti ya kisasa. Kama haupo, risasi za kisasa usiguse. Nyingi za Kiingereza za zamani zina chemba, pale risasi inapokaa, ya urefu wa 65 mm. Risasi ya 70 mm inaingia vizuri tu, maana urefu huo hupimwa ganda la risasi likiwa limeshafunguka mdomo baada ya kufyatuliwa. Ukifyatua, ganda linakosa nafasi ya kufunguka, presha inapanda, na kiganja chako kiko hapo hapo. Mtutu ulioliwa na kutu ndani ndio kabisa.

Seremala_Majengo: Kitako hakihitaji kubadilishwa. Mbao ya shingoni huwa imenyonya mafuta miaka yote, yatolewe kwanza, la sivyo gundi haishiki. Halafu gundi ya tyubu mbili na pini ya shaba. Mwisho mafuta ya kitani, kidogo kidogo kwa kiganja.

Chalii_Sakina: Si achonge kipya cha mpingo?

Seremala_Majengo: Mpingo unazama majini, wewe unataka abebe begani? Mninga labda.

Mwindaji_Monduli: Mninga kwa bunduki? Haya.

Afande_Mstaafu: Fundi yeyote lazima awe na kibali cha kutengeneza silaha. Seremala, nakuona.

Seremala_Majengo: Mimi nimeelekeza tu, afande.

Meku_Marangu: Mangi, huyo mwanao ni wa ngapi? Kihamba, lile shamba la nyumbani, kwa kawaida ni cha kitindamimba, lakini bunduki ya babu kwetu alichukua wa kwanza, na mpaka leo hawasalimiani.

Mangi_Kibosho: Ni wa kati, meku.

Meku_Marangu: Basi una kesi nyingine kabisa.