Nguzo za ghorofa letu Bukoba: lipu nene yatosha?

Mjukuu wa Kashai: Wakuu, naomba ushauri. Mzee ana ghorofa moja hapa Bukoba, chini fremu za maduka, juu tunaishi. Tetemeko la Septemba 2016 lilituachia nyufa za lipu tu, tukaziba. Juzi mpangaji kachokonoa nguzo apitishe bomba, ringi (vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo ndefu za nguzo) zikaonekana: milimita 6, nyororo, zimeachana shubiri nzima. Nguzo ni sentimita 23 kwa 23. Fundi anasema tupige lipu nene yenye wavu wa banda la kuku.

Nondo Kavu: Wavu wa kuku mwachie kuku. Weka nondo mpya kwenye pembe nne, funga ringi, mwaga zege. Kazi imeisha.

Mama Zege: Haijaisha, fundi wangu. Tetemeko husukuma jengo ubavuni, na nguzo huumia zaidi vichwani na miguuni. Ganda la zege likishapukutika, kilichobaki kuishika nguzo ni ringi. Mwaka 1971, tetemeko la San Fernando kule California liliikumba hospitali ya Olive View: nguzo zenye ringi zilizoachana zilisagika, zile zilizozungushiwa nondo moja mfululizo kama springi zikapoteza ganda lakini zikaendelea kubeba. Hospitali ile ile, siku ile ile! Kwa hiyo ringi mpya zikaribiane, ziachane sentimita 10 karibu na slabu (sakafu ya zege ya juu) na msingi, na ncha zikunjwe nyuzi 135 ziingie ndani. Mkunjo wa nyuzi 90 hufunguka ganda likianguka.

Bandua lipu, kwangua mpaka kokoto zionekane, ongeza walau sentimita 10 kila upande. Mirunda iwe imeshabeba slabu kabla hujagonga chochote. Na hapa ndipo mafundi wengi wanapokata kona: nondo ndefu lazima zitoboe slabu ziendelee juu, na chini zishike kwenye kitako cha msingi, lile zege pana chini ya nguzo. Zikiishia chini ya slabu, umeibana nguzo tu, hujaiongezea nguvu ya kuhimili kupinda pale kwenye maungio.

Mjukuu wa Kashai: Shikamoo mama. Nguzo ya 23 itafika 43, wapangaji watagoma. Kuna jamaa anauza kitambaa cha nyuzi za kaboni, anasema hakili nafasi.

Mama Zege: Marahaba. Ni kizuri, hasa kwa nguzo za duara. Za mraba lazima usage pembe ziwe mviringo, la sivyo kinakatikia hapo. Lakini kwako kitambaa peke yake hakitoshi. Mbele ya fremu zako ni milango ya shata, nyuma ukuta mtupu, juu vyumba vimejaa kuta za matofali. Chini kulegevu, juu kugumu, na jengo litajisokota kuuzunguka ule ukuta wa nyuma. Kitambaa hakiongezi ugumu wa kuzuia hilo. Mimi ningeziba fremu mbili za mbele kwa kuta za zege lenye nondo, zenye msingi wake, zilizofungwa kwenye nguzo na bimu.

Mjukuu wa Kashai: Fremu ya kona ndiyo yenye kodi kubwa. Mzee hatakubali.

Mama Zege: Basi ziba inayoifuata, na nyingine karibu na mwisho wa upande wa pili, zisikae pamoja. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, mtafute mhandisi afukue kitako kimoja na kupima zege la zamani. Kama msingi ni mdogo, hesabu yote inaanza upya.

Nondo Kavu: Mama, hizo kuta nondo ngapi? Milimita 12 au 16?

Mama Zege: Hilo atasema aliyekiona kitako.