Mchoro wa moyo wenye namba 12: kasoro ni ya wanafunzi au ya mchoro?

Mwalimu wa Mbagala
Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha Baiolojia kidato cha pili. Katika mada ya moyo niliwagawia mchoro wenye sehemu 12 zilizoandikwa namba tu, majina na kazi za sehemu hizo yakiwa ukurasa wa nyuma, kisha nikayaonyesha maelezo hayohayo kwa projekta huku nikiyasoma kwa sauti. Walitulia na kusikiliza, lakini nilipouliza damu itokayo mapafuni huingia chumba kipi, karibu wote walikaa kimya. Sikubali kwamba ni wavivu. Nirekebishe nini?

Mkufunzi, Kinondoni
Mwalimu, kasoro ni ya mchoro. John Sweller wa Australia, aliyeandika juu ya mzigo wa akili katika kujifunza mwaka 1988, alitenganisha baadaye uzito wa mada yenyewe na uzito unaoletwa na namna ya kuifundisha. Tunapofikiri, akili hushika mambo mapya machache mno kwa wakati mmoja. Nelson Cowan wa Marekani, mwaka 2001, aliyakadiria kuwa manne hivi. Sasa mfuate mwanafunzi wako: anaiona namba 7, anageuza karatasi, anatafuta jina, anarudi kwenye mchoro, na kufikia hapo ameshasahau damu ilikuwa ikielekea wapi. Jasho lote hilo halimfundishi moyo. Andika kila jina ndani ya chumba chake na uchore mishale ya damu. Kusoma slaidi neno kwa neno nako kunalemea, kwa sababu jicho hutangulia mdomo na mwanafunzi hujikuta akihangaika kuvioanisha; onyesha mchoro, maelezo yatoke kinywani mwako.

Mwalimu wa Hisabati, Temeke
Ninaunga mkono. Mwaka 1985 Sweller na Graham Cooper walionyesha kwamba wanaoanza aljebra hunufaika zaidi kwa kuchunguza maswali yaliyokwisha kutatuliwa kuliko kuachwa wahangaike peke yao. Mimi huanza na swali lililokamilika, linalofuata naliondolea hatua ya mwisho, na hivyo hivyo hadi walitatue lote. Angalizo: waliokwisha kuelewa hucheleweshwa na msaada huo, basi hao wape maswali mapema.

Mwalimu wa Kiingereza, Ilala
Tusisahau lugha. Wengi wa watoto hawa walisoma shule za msingi kwa Kiswahili, na sekondari wanakutana na dhana ngeni ndani ya lugha ambayo bado wanajifunza. Hiyo ni mizigo miwili kwa kichwa kimoja, na inaniuma kuona mtoto akihesabiwa mzito kwa sababu hiyo. Istilahi zifundishwe siku moja kabla, chache, kwa matamshi na maana, ili siku ya somo wafikirie moyo tu.

Mwalimu wa Mbagala
Nashukuru sana. Istilahi nitazitanguliza Jumatatu. Jumanne nitauchora moyo upya ubaoni, majina ndani ya vyumba, mishale myekundu na ya bluu, kisha nitawauliza tena swali lile la damu itokayo mapafuni. Nitarudi hapa na majibu yao.