Naomba ushauri: modeli ya maji inalipuka ikifika mkondo wa Pemba

Asalaam aleikum jamani. Swali kwa waliozoea kuiga kujaa na kupwa kwa kompyuta.

Gridi (vyumba vinavyoigawa bahari) ni ya mita 500 kila chumba, hatua ya muda sekunde 15. Mkondo wa Unguja, wenye kina cha mita 40 hivi, hauna tabu: bamvua na maji mafu vinatoka sawa. Gridi ikifikishwa mkondo wa Pemba, penye karibu mita 800, kimo cha maji kinaruka mita 3, 40, 900, kisha programu inakufa.

Sababu inajulikana: wimbi pale linakwenda takriban mita 88 kwa sekunde, hivyo hatua isizidi sekunde 4, ili wimbi lisiruke chumba kwa hatua moja, pande zote mbili za gridi zikihesabiwa. Ikiwekwa 3 inatulia, lakini kazi inachukua muda mara tano, na kompyuta ya idara ni ya foleni.

Je, nihamie gridi ya pembetatu, kubwa kwenye kina na ndogo pwani? Kukata kina kiwe mita 200 sitaki. Wimbi litachelewa na saa za kujaa ziharibike.

Na ghuba ya Chwaka, maji yakipwa, kina cha chini kabisa ambacho modeli bado inahesabu kuwa pana maji mnaweka ngapi? Sentimita 5 inatoa kasi ya mita 6 kwa sekunde juu ya mchanga mtupu!