Hivi yule jamaa wa gesi anajiona nani kumjibu mama yangu vile???

Wakuu salama? Mimi si salama. Nimetoka sa hivi kwenye mkutano wa ule mradi wa kuchimba gesi huku kwetu, mikono inatetemeka, mkiona herufi zimepinda mjue ni hasira.

Sina haja ya kumtaja, mnamjua wote. Yule yule wa kofia ngumu nyeupe na kizibao cha kung'aa, hajawahi kushika hata spana lakini akija mkutanoni kavaa utadhani mtambo unalipuka dakika mbili zijazo. Kofia yenyewe bado ina stika ya dukani!

Sasa sikilizeni. Bi mkubwa wangu kanyoosha mkono kwa adabu zote, kasimama, kauliza, "Mwanangu, mkishatoboa hapo karibu na kisima chetu, gesi ikipanda kwenye maji sisi tutajuaje?" Swali limenyooka kabisa. Jamaa kacheka. KACHEKA. Kasogeza maiki mdomoni vizuri ili hata mbuzi walio mbali wasikie, akasema, "Mama, gesi ya kuogopa ni hiyo ya tumboni."

Ya tumboni jamani. Kwa mama wa watu. Kwenye maiki.

Na ukumbi mzima ukaangua kicheko, mpaka mwenyekiti aliyetakiwa kutulinda akawa anajifuta machozi kwa ile karatasi ya mahudhurio. Mama kaketi, hajasema neno, akawa anakunja ncha ya mtandio anaikunjua, anakunja anaikunjua. Mkutano ukaendelea na habari za ajira kwa vijana, kila kijana atakuwa meneja inavyoonekana.

Mimi sio msomi wa miamba lakini hata mimi najua lile bomba linapita katikati ya tabaka la maji tunayokunywa kabla halijafika kwenye gesi, na kinachotenganisha ni chuma na saruji, saruji ikipasuka je? Methani, yaani hiyo gesi yenyewe ya ardhini, haina harufu, ile harufu ya mtungi wa nyumbani huwa inawekwa makusudi ili mtu ashtuke. Kwa hiyo swali la "tutajuaje" ndo swali lenyewe! Halafu nje ya eneo lao wameshaweka kibao USIVUTE SIGARA. Kama gesi ya kuogopa ni ya tumboni hicho kibao ni cha nini, wamekiwekea tumbo la nani?

Sijalala na sitalala. Ya tumboni!!

---

Kisima Kirefu: Pole sana mkuu. Huyo jamaa namjua, kwetu alisema maji yakibadilika rangi tushukuru, ni madini.

Mzee wa Povu: Sasa mtoa mada ulikuwepo, mama katukanwa, wewe ulifanya nini? Au ulitunza hasira ukaja kumjibu huku kwa kidole gumba? 😂

Mtoa mada: Maiki ilikuwa kwake mkuu. Ningepiga kelele ningeonekana mimi ndo mhuni. Ila nilimwangalia.

Mzee wa Povu: Alimwangalia 😂😂😂 mwenzenu kampiga jicho mwekezaji, mradi umesimama.

Mchimba Dawa: Mimi nimesoma mpaka kwenye tumbo nikacheka, samahani bi mkubwa. Halafu nikajisikia vibaya. Halafu nikacheka tena.

Fundi Bomba: Tuweke ushabiki pembeni. Sio kila kisima cha gesi kinapasua miamba kwa presha ya maji, mwamba ukiwa na vinyweleo vya kutosha gesi inapanda yenyewe. Na zile bomba za kukinga zinashushwa tabaka kwa tabaka, saruji inapimwa. Kazi ikifanywa vizuri maji yenu hayaguswi. Muombeni tu apime maji ya visima vyote KABLA ya kutoboa, matokeo mbaki nayo nyie wenyewe, yasibaki ofisini kwake.

Kisima Kirefu: "Ikifanywa vizuri." Mkuu hilo neno limebeba mlima. Dimock kule Pennsylvania mwaka 2009, siku ya mwaka mpya, kisima cha maji cha mtu kililipuka, zege la juu likapasuka. Gesi ilikuwa imehamia kwenye maji. Na huko ni Marekani kwenye wakaguzi hadi wa kukagua wakaguzi.

Fundi Bomba: Kwani nimesema haitokei? Nimesema mpime maji kabla. Bila vipimo vya kabla, siku mkilalamika mtaambiwa gesi ilikuwepo tangu enzi za babu.

Asiyeonekana: Groningen nako, Uholanzi. Wamevuna gesi miaka na miaka, ardhi ikaanza kutetemeka, 2012 tetemeko la ukubwa wa 3.6, nyumba nyufa kila kona. 2024 wakafunga kabisa. Nao mwanzoni waliambiwa wasiwe na wasiwasi.

Mzee wa Povu: Aliwaambia huyu huyu wa kofia? Maana anaonekana ana uzoefu.

Mtoa mada: Wakuu mmeelewa lakini? Alisema YA TUMBONI. Mbele ya wakwe zetu.

Mama Kijacho: Tumeelewa baba. Sasa mimi shida yangu sio tumbo, ni malori. Bado hawajatoboa hata tundu la sindano lakini malori yanapita usiku kucha, vumbi linaingia hadi kwenye neti ya mtoto. Nguo nikianua ni chafu kuliko nilivyoianika.

Bwana Shamba: Afadhali malori. Sisi walikuja kupima njia ya bomba wakapitia shambani, wakaniachia vigingi vyenye utepe mwekundu, nikauliza fidia wakasema bado ni "utafiti". Utafiti umekanyaga mahindi yangu.

Mchimba Dawa: Nyie mna fidia ya kusubiri. Mimi nimewekewa mnara wa simu dirishani, jenereta linaunguruma hadi alfajiri na network kwangu haishiki. Kuandika hapa nimepanda juu ya mawe.

Mama Kijacho: 😂😂 mtandao gani huo?

Asiyeonekana: Kila mtandao uko hivyo. Ukikaa chini ya mnara wenyewe mawimbi yanakupita juu kwa juu.

Fundi Bomba: Hiyo kweli kiasi, antena zinaelekezwa mbali. Sogea mbele kidogo itashika.

Mchimba Dawa: Nisogee nihamie shamba la Bwana Shamba?

Bwana Shamba: Njoo, ila usikanyage vigingi, ni utafiti.

Mtoa mada: Jamani uzi ni wa gesi.

Mzee wa Povu: Tunajua mkuu, wewe endelea kumwangalia. Mchimba Dawa, hilo jenereta linatumia dizeli au petroli?