Silinda ya risasi kwenye bastola ya baruti: sheria imbane nani?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, kwa sababu linawagusa vijana wetu walioko huku Marekani na wengi wao hawana habari.

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa nyumbani, mwanafunzi hapa Texas, alinionyesha bastola aliyoagiza ikamfikia kwa posta. Ni nakala ya bastola ya kampuni ya Remington ya 1858, imetengenezwa Italia. Kwa lugha yetu ni gobore lenye silinda. Unamimina baruti katika kila tundu, matundu sita, unashindilia goroli ya risasi kwa wenzo ulio chini ya mtutu, kisha unavika fataki nyuma ya kila tundu. Hakujaza fomu yoyote, hakuna aliyemkagua. Na hakuvunja sheria: Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968 inaihesabu bastola ya aina hii kuwa silaha ya kale, si silaha ya moto, hata kama imetoka kiwandani mwaka jana. Sheria ya Texas nayo iko hivyohivyo. Majimbo mengine ni makali zaidi.

Kilichonishtua kilikuwa kwenye simu yake. Alikuwa ameshachagua silinda ya pili, ya kutumia risasi zenye maganda kama za bastola za kisasa, bado kulipia tu. Silinda hiyo ikiwa peke yake ni kipuri, inauzwa bila ukaguzi. Siku itakapokaa ndani ya bastola, ile bastola inakuwa silaha ya moto kamili mbele ya sheria ya shirikisho. Raia asiye na kizuizi anaruhusiwa kujibadilishia ya kwake. Akitaka kufanya biashara ya kuzibadilisha, anahitaji leseni. Lakini mwenye viza ya mwanafunzi yuko kwenye orodha ya wasioruhusiwa kumiliki silaha ya moto, isipokuwa wachache wenye msamaha, kwa mfano wenye leseni ya kuwinda. Tangu 2022 kosa hilo linaweza kumfunga mtu hadi miaka 15, na ukitiwa hatiani kwa kosa la silaha unaweza kurudishwa ulikotoka. Yote hayo kwa kipande cha chuma kinachojaa kiganjani!

Sasa tuje kwenye mvutano wenyewe. Sheria inasema silaha ya kujaziwa mdomoni haihesabiwi kuwa ya kale ikiwa inaweza kugeuzwa kirahisi kutumia risasi za maganda kwa kubadilisha mtutu, boliti au kizibo cha nyuma ya chemba. Silinda haikutajwa. Na si kwamba jambo lenyewe lilikuwa geni. Miaka 100 kabla ya sheria hiyo ya 1968, mwaka 1868, Remington walikuwa wanazigeuza bastola zao hizihizi, huku wakilipa ada kwa sababu hataza (haki ya uvumbuzi) ya mvumbuzi Rollin White ya silinda iliyotobolewa mpaka nyuma ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Smith & Wesson. Ilipokwisha muda 1869, kampuni ya Colt nao wakaingia kwa nguvu.

Wapo wanaosema dawa ni kuongeza neno "silinda" kwenye orodha hiyo. Mimi napinga. Ukiliongeza, bastola yenyewe inaweza kupoteza hadhi ya ukale, kwa hiyo mzee aliyewahi kufungwa ujanani, ambaye kwa sababu hiyo haruhusiwi silaha ya moto lakini leo analenga makopo kwa gobore lake kihalali na hajawahi hata kuiona silinda ya pili, ataamka asubuhi akiwa mhalifu. Nasema tumwache mwenye gobore. Ukaguzi uwekwe pale silinda inapouzwa, uleule anaofanyiwa mnunuzi wa bastola ya kawaida dukani.

JIBU: Mkuu, nimekuelewa ila hapa umeteleza. Mtutu unauzwa bila ukaguzi, magazini zinauzwa, kwa nini silinda ionewe? Leo silinda, kesho watataka ukaguzi kwenye skrubu. Halafu fundi mwenye mashine ya kukereza anajichongea mwenyewe, huyo utamkagua wapi?

MLETA MADA: Ndugu, asante, hoja ya mtutu ina uzito. Ila angalia tofauti. Anayenunua mtutu wa bastola ya kisasa kwa kawaida fremu yake, yaani kiunzi cha bastola, aliipata dukani, na alikaguliwa hapo. Kwenye gobore fremu haikukaguliwa, silinda haikukaguliwa, na mwishoni una bastola inayofyatua risasi sita ambayo mnunuzi wake hakuulizwa swali popote njiani. Na Mahakama ya Juu ya Marekani, Machi 2025, majaji 7 kwa 2, ilishakubali kwamba vipuri ambavyo havijaunganishwa vinaweza kuhesabika kuwa silaha, kwenye kesi ya seti za bunduki za kujiundia. Kuhusu fundi wa kukereza, kweli huyo hutamkamata dukani. Lakini mdogo wangu si fundi. Angebonyeza mara moja tu, na hakukuwa na onyo lolote kuhusu viza kwenye ule ukurasa. Nimeusoma mwanzo mpaka mwisho.

Silinda ameifuta, bastola amebaki nayo. Mlioko Uingereza, ambako bastola za kujaziwa mdomoni ziliachwa nje ya katazo la bastola la 1997 lakini zinahitaji cheti cha polisi, huko mwenye gobore anabanwa kuliko huku. Je, mnaona ni haki?