Mjadala: Je, kolesteroli imesingiziwa, na mwenye kosa ni mchochota?

Mleta mada

Wakuu, hoja hii naileta kwa sababu imeingia nyumbani kwetu. Kaka yangu alipata shambulio la moyo mwaka juzi. Akawekewa stenti ya kuupanua mshipa, akapewa na dawa za kushusha kolesteroli. Mwezi uliopita ameziacha. Ananiambia, "Siku hizi imejulikana, kolesteroli haina kosa. Kinachoua moyo ni mchochota unaoletwa na chakula kibaya. Nabadilisha chakula, basi."

Nusu ya maneno yake ni kweli kabisa, na ndiyo maana nashindwa kumjibu.

Mchochota tunaujua sote. Ukijikata kidole panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto, baada ya siku chache pamepona. Hiyo ni kinga ya mwili iko kazini. Ila upo mwingine wa chini kwa chini, hauumi wala hauonekani, na unaweza kukaa mwilini miaka. Chakula kinauchochea kwa njia kadhaa, na kubwa ni mafuta yanayojazana ndani ya tumbo, kuzunguka viungo. Mafuta yale hayakai tu kama akiba. Yanamwaga kwenye damu kemikali za kuiamsha kinga, mojawapo interlukini-6. Ini likiipata hiyo linatengeneza protini iitwayo CRP, ambayo ndiyo hupimwa maabara kujua mchochota ni kiasi gani.

Sasa tuingie ndani ya ateri. Chembe za LDL, zile zinazobeba kolesteroli, hupenya kwenye ukuta wa mshipa na kunasa humo. Seli za kinga huzifuata, huzimeza, hushiba mpaka zikafia palepale. Kolesteroli iliyorundikana hugeuka fuwele, na fuwele hizo huiamsha kinga upya. Mrundikano huo ukutani ndio utando, nao unaendelea kukua. Juu yake kuna kifuniko cha nyuzi, na vimeng'enya vya seli za kinga hukitafuna mpaka kinakuwa chembamba. Siku kikichanika, damu hukutana na uchafu uliokuwa chini yake, inaganda, mshipa unaziba kwa dakika chache. Mara nyingi mshipa huo haukuwa umebanwa sana kabla ya siku hiyo, na ndiyo maana mtu anaanguka wakati jana yake alikuwa mzima.

Mimi naona hivi: bila LDL ukutani, kinga haina cha kukimbilia pale. Bila mchochota, utando ungeweza kukaa kimya. Kumtoa mmoja hatiani kwa sababu mwenzake amekutwa na kosa si sawa. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, pole kwa kaka. Lakini usimbeze. Kuna utafiti wa CANTOS uliotoka 2017, watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na CRP yao iko juu. Walipewa sindano ya kanakinumabu, ambayo inazuia interlukini-1 beta, kemikali nyingine ya kuiamsha kinga. LDL haikushuka. Hata hivyo, kwa kipimo cha miligramu 150 kila baada ya miezi 3, mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo na mishipa kwa jumla vilipungua kwa 15%. Kama kolesteroli ndiyo kila kitu, hilo lilitokeaje? Tena sote tunawajua watu walioanguka huku majibu yao ya kolesteroli yakisomeka ya kawaida.

Mleta mada

Sikusema ni kila kitu, ndugu yangu. Na CANTOS naiheshimu, maana ndiyo iliyothibitisha kwamba mchochota ni sababu na si shahidi tu. Ila wagonjwa wale karibu wote walikuwa tayari wanatumia dawa za kushusha kolesteroli. Sindano iliongezwa juu ya dawa hizo, haikuchukua nafasi yake. Kaka yangu ameacha ya kwanza na hiyo ya pili hana. Halafu kuna upande ambao hautajwi sana: waliochomwa sindano walikufa zaidi kwa maambukizi, na vifo vya jumla havikupungua. Kinga si kitu cha kuzimwazimwa.

Wala si kila dawa ya mchochota inafaa. Methotreksati kwa dozi ndogo ilijaribiwa kwa watu 4,786, majibu yakatoka 2018. CRP haikushuka, na mashambulio hayakupungua.

Mchangiaji wa pili

Mimi nina shaka na upande wa chakula. Sindano si chakula. Anayekula ovyo mara nyingi ni huyohuyo anayevuta sigara, hafanyi mazoezi, amenenepa. Akipungua uzito CRP inashuka yenyewe. Mtatenganishaje?

Mleta mada

Swali zuri. Mwaka 2020 ulitoka uchambuzi wa watu wapatao 210,000 wa Marekani, waliofuatiliwa hadi miaka 32. Waliokula zaidi vyakula vinavyoambatana na mchochota, yaani nyama za kusindikwa, nafaka zilizokobolewa, vinywaji vya sukari, walipata magonjwa ya moyo na mishipa kwa 38% zaidi ya wenzao waliovila kwa uchache. Sigara na mazoezi vilizingatiwa. Nakubali bado ni kuwatazama watu tu, hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Na suala la uzito, mimi silioni kama pingamizi, maana mafuta ya tumboni ndiyo njia yenyewe chakula kinayopitia.

Mchangiaji wa tatu

Nafanya kazi maabara, naomba nichangie kuhusu CRP maana watu wanaiogopa vibaya. Chini ya miligramu 1 kwa lita hatari ni ndogo, 1 hadi 3 ni ya wastani, juu ya 3 ni kubwa. Ikipita 10 tunashuku maambukizi kwanza. Mwaka jana nilijipima mwenyewe nikakuta 6.4. Sikulala usiku ule. Asubuhi nikakumbuka fizi ya nyuma iliyokuwa imevimba wiki nzima. Nikatibiwa, nikapima tena baada ya wiki 3, ikasoma 0.9. Kwa hiyo usipime ukiwa na mafua au jino bovu, na usihukumu kwa kipimo kimoja.

Jambo la pili: watu waliozaliwa na jeni zinazopandisha CRP hawaugui moyo zaidi ya wengine. Waliozaliwa na jeni zinazopunguza nguvu ya interlukini-6 ndio wanaougua kidogo. Dalili ya mvua ni mawingu, na CRP ni mawingu tu. Anayekuuzia unga wa kushusha CRP muulize ulipunguza mashambulio ya moyo kwa nani.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo nimeelewa. Lakini mleta mada, kaka yako utamwambia nini? Ukimwambia amekosea hatakusikia.

Mleta mada

Sitamwambia amekosea. Nitamwambia chakula aendelee nacho: mboga, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki, sukari chini. Halafu nitamwonyesha utafiti wa JUPITER wa 2008. Watu 17,802 ambao LDL yao haikuwa juu ila CRP ilikuwa 2 au zaidi walipewa rosuvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, au kidonge kisicho na dawa. Kwa waliopewa dawa, LDL ilishuka kwa nusu, CRP ikashuka kwa 37%, na matatizo makubwa ya moyo na mishipa yakapungua kwa 44%. Rosuvastatini ndiyo iliyomo kwenye pakiti aliyoiweka juu ya kabati. Anatafuta kitu cha kushusha mchochota, na alikuwa nacho mkononi.

Amekubali twende pamoja kwa daktari wake Jumatano. Nimemwomba apime LDL na CRP siku moja, kabla hajaamua lolote.