Dada anataka kurudi misheni (kikundi cha ukoo)

Tumaini: Bwana asifiwe familia, shikamooni wakubwa. Najua mmeshalala wengi ila nikisubiri asubuhi nitaogopa tena kwaiyo naandika sasa hivi. Ni miezi 7 nasukumwa ndani yangu kwamba natakiwa kurudi shambani. Kule kule tulikokuwa. Nimemwambia Baba Joy peke yake, hajasema ndio hajasema hapana, kasema "tuombe" kwa ile sauti yake mnaijua

Kaka Elia: Aisee

Kaka Elia: kurudi kabisa au kwenda kuwasalimia

Tumaini: Kabisa

Neema: dada si ndo ulishuka kwenye ndege umekonda mpaka mama akakupita akidhani ni mtu mwingine???

Mama: Neema.

Neema: samahani mama ila ni kweli

Tumaini: Mwacheni ni kweli. Nilikuwa nimeisha. Yani kila mwezi naandika barua ya maombi kwa wanaotuchangia, naweka mazuri tu, waliobatizwa, darasa la kusoma limeongezeka, nikishatuma najifungia chooni nalia ili watoto wasinione, afu natoka naosha uso tunaenda ibadani naongoza nyimbo. Simu ikilia moyo unaruka. Sasa miaka 4 imepita nimepona, nalala, nacheka, na hapo hapo ndo huu mzigo unarudi. Swali langu kwenu ni moja, mtu aliyeondoka vile anaweza kuitwa mara ya pili au najidanganya

Mjomba Mchungaji: Marahaba mama. Yona 3:1. Neno lilimjia mara ya pili.

Kaka Elia: mjomba kwa heshima zote Yona alikimbia kazi kabla hajaianza, dada aliifanya mpaka ikammaliza, hao sio sawa

Mjomba Mchungaji: 😄 Haya umenikamata. Basi chukua Marko. Matendo 13 aliwaacha kina Paulo Pamfilia akarudi zake Yerusalemu, Biblia haisemi kwa nini. Sura ya 15 Barnaba anataka waende naye tena, Paulo akagoma, wakagombana mpaka wakaachana. Watu tunapenda kurukia mwisho, Paulo yuko kifungoni anamwambia Timotheo amlete Marko maana anamfaa. Mimi huwa naangalia katikati pale. Barnaba alimchukua wakaenda Kipro. Kipro ndiko kwao Barnaba, na Marko ni binamu yake. Hakumrudisha kwenye safari ile ile ngumu na watu wale wale, alienda naye mahali pepesi akiwa na ndugu

Shangazi Ruthi: Hiyo sijawahi kuiona hivyo

Mjomba Mchungaji: Kwaiyo Tumaini sikuulizi kama unaweza kuitwa tena. Nakuuliza Barnaba wako nani

Tumaini: 😭 mjomba

Kaka Elia: mi ntauliza ya kidunia mtanisamehe. Shirika lililowatuma liliwahi kuwakalisha chini mkasema yaliyowapata au mlijaza ripoti tu? Maana kama lile shimo halikuangaliwa mtalitumbukia tena. Na Joy yuko shule, huyu mdogo lugha ya kule ameshaisahau, viza zinaanza upya, wachangiaji wenu nusu wamehamia kwa wengine na sio dhambi yao

Tumaini: Ripoti tu. Na kikao kimoja cha dakika 40, waliniuliza kuhusu gari la misheni limebaki kwa nani

Neema: 🙄🙄

Shangazi Ruthi: Mwanangu nikuulize kitu usikasirike. Unawakumbuka wale watu, au unamkumbuka Tumaini wa kule?

Shangazi Ruthi: Maana hapa ulitoa ushuhuda jumapili moja wakapiga makofi basi ikaisha. Kule ulikuwa mtu unaitwa usiku mama fulani anajifungua. Nimekaa na wamisionari wengi mimi, wakirudi ndo ugonjwa wao huo, wanakaa nyumbani kama wageni

Neema: dada yuko online, hajibu

Mama: Muache afikiri.

Tumaini: Shangazi nimekaa hapa nalitazama hilo swali. Vyote viwili, nisidanganye. Kuna siku nataka tu kuwa yule mtu. Ila nikifunga macho anayekuja sio mimi nikifundisha, anakuja yule mama jirani aliyenifundisha lugha, mwaka mzima nilikuwa natamka vibaya neno lao la "msamaha" inatoka "ndoo" na hakunicheka hata siku moja, nilikuja kuambiwa na mwanae. Nilisali mbele ya watu Mungu tupe ndoo

Kaka Elia: 😂😂😂 na Mungu akawapa visima

Mjomba Mchungaji: Wenyewe wanasemaje?

Tumaini: Nani

Mjomba Mchungaji: Wa kule. Kanisa la kule. Tumeongea nusu saa hapa kuhusu wito wako, hatujamsikia hata mmoja wao

Tumaini: Mzee wa kanisa huwa ananiandikia. Wanaendelea vizuri. Wale vijana tuliowafundisha ndo wanaongoza sasa, wamefungua ibada vijiji viwili zaidi. Hajawahi kusema njooni

Tumaini: Nikisoma nafurahi afu kuna kitu kinachoma kidogo. Naona aibu kusema

Mjomba Mchungaji: Usione aibu. Misheni ikienda vizuri mmisionari anapungua. Ila muulize. Usimuulize "nije?" maana kwa adabu atasema karibu. Muulize wana upungufu gani. Akitaja kitu na hicho kitu uko nacho, tuendelee kuongea. Hudson Taylor, yule mmisionari Mwingereza wa China, alirudi Uingereza 1860 mgonjwa, China akaiona tena 1866. Katikati hakukaa bure, alimalizia masomo ya udaktari, akasahihisha Agano Jipya la lugha ya Ningbo, mji wa kule China. Wewe lugha unayo, huenda kazi iliyobaki ni ya mezani hapo hapo ulipo, huenda ni kurudi, mimi sijui

Mama: Na Baba Joy? Mnamjadili kama hayupo. Mwanangu upo?

Baba Joy: Shikamoo mama. Nipo nasoma toka mwanzo

Baba Joy: Sikusema hapana kwa sababu kule napapenda kuliko yeye. Ninachoogopa ni mimi. Nilikuwa namsikia chooni. Kila mara nilimsikia, nikasema ngoja semina hii iishe, ngoja wageni waondoke. Miezi mingi. Sijawahi kumwambia mpaka leo namwambia mbele yenu kwa simu kama mwoga

Kaka Elia: shemeji 🙏🏾

Neema: jamani

Mama: Baba, inuka umfuate huko alipo. Hii ya kuandikiana mkiwa nyumba moja siitaki.

*(dakika 50 baadaye)*

Tumaini: Tumeongea. Hatujaamua kitu msianze kushona sare. Tumekubaliana tutatafuta mshauri kwanza wa kukaa naye wawili, asiwe wa shirika. Na nimemwandikia mzee sasa hivi, nimeuliza kama mjomba alivyosema, wana upungufu gani

Neema: amejibu???

Tumaini: Tiki moja. Mtandao wa kule mpaka apande kilimani

Mjomba Mchungaji: Basi tulale. Elia funga kwa maombi, fupi.

Kaka Elia: fupi kweli au fupi ya mjomba